Kutoka Karakana Hadi Kiwandani: Ulemavu na Kazi Katika Nyika ya Kinanie

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Mombasa, ukaupita mji wa Mlolongo na viwanda vya saruji vya Athi River, nchi hufunguka ikawa nyika, na kushoto hujitokeza vilima vya Lukenya. Kinanie iko upande huo, ndani ya Mavoko, kaunti ya Machakos. Udongo wake ni mweusi wa mfinyanzi: wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kutosha mguu, na mvua zikinyesha hugeuka tope linalonasa gurudumu. Hapo serikali imetenga ekari 500 kwa ajili ya viwanda vya ngozi, chini ya mamlaka inayosimamia maeneo ya EPZ, yaani maeneo ya viwanda vinavyozalisha bidhaa za kuuza nje, pamoja na mtambo wa kusafisha majitaka ya viwanda vyote kwa pamoja.

Nia ya mradi inaeleweka. Kwa miaka mingi Kenya iliuza ngozi ikiwa mbichi na kununua viatu kutoka nje. Sasa ngozi mbichi inayosafirishwa nje hutozwa ushuru mkubwa, ili ilainishwe, ikatwe na kushonwa hapa hapa nyumbani. Kila mradi wa namna hii huja na ahadi ya ajira, na kila ahadi ya ajira ina watu inaowasahau. Je, asiyeona, kiziwi, au anayetembelea kiti cha magurudumu atapita katika geti la Kinanie akiwa mfanyakazi? Swali hilo ni kongwe kuliko viwanda vyenyewe. Limeulizwa nchini tangu enzi za ukoloni, na mara nyingi jibu lake limepitia mikononi mwa mafundi wa ngozi.

Ng'ombe wa 1938

Viwanda vilifika katika nyika hii kwa ugomvi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Liebig ilijenga kiwanda cha nyama Athi River. Kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini, na serikali ya kikoloni nayo ilikuwa ikishikilia kwamba Wakamba wana mifugo mingi kuliko malisho yao. Haja hizo mbili zikakutana: ng'ombe wa Ukambani wakaanza kukamatwa na kupigwa mnada kwa lazima. Mwaka 1938 Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, aliongoza umati wa watu, wanaume kwa wanawake, hadi Nairobi, wakapiga kambi wakitaka kumwona gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ikalegeza kamba, na minada ya lazima ikasimama.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kwa sababu moja. Tangu mwanzo, kiwanda katika nyika hii kilipangwa kwa mahitaji ya kiwanda. Watu ndio waliotakiwa kujikunja ili waenee ndani yake. Mwaka 1950 iliundwa Kenya Meat Commission, ambayo hadi leo inajulikana kwa kiwanda chake cha Athi River. Saruji ikafuata. Aliyetafuta kibarua alipimwa getini kwa macho: mabega, mikono, miguu. Aliyekosa kimoja hakuhitaji kuambiwa kitu.

Askari waliorudi

Mwaka mmoja baada ya mgogoro wa ng'ombe, Vita vya Pili vya Dunia vilianza. Kenya ilitoa Waafrika takribani 98,000 kwenda vitani, na Wakamba walikuwa miongoni mwa waliosajiliwa kwa wingi. Walipigana Uhabeshi na Burma, wakabeba mizigo, wakaendesha malori. Baadhi walirudi bila mguu, wengine bila macho.

Nchini Uingereza, vita hivyo hivyo vilizaa sheria. Mwaka 1944 Bunge la London lilipitisha sheria iliyomtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu walioandikishwa. Baadaye kazi mbili, ya kuendesha lifti na ya kulinda maegesho ya magari, zilitengwa kwa ajili yao. Sheria ilikuwa na meno machache. Katika nusu karne iliyofuata, waajiri walioshtakiwa kwa kuivunja walihesabika kwa vidole. Hata hivyo ilisema jambo kubwa: kumpa kazi askari aliyejeruhiwa ni wajibu wa mwajiri.

Wajibu huo haukuvuka bahari. Askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles aliyepoteza mguu alirudi kwa ukoo wake. Huduma ya kwanza iliyopangika ilitoka kwa watu wa dini. Jeshi la Wokovu lilianza kuwahudumia askari waliopofuka vitani, na kazi hiyo ikazaa shule ya wasioona ya Thika mwaka 1946. Mwaka 1956 chama cha kitaifa cha wasioona kiliundwa kwa sheria ya bunge. Mwaka 1958 kikaanzishwa chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, katika miaka ambayo polio ilikuwa bado inawapooza watoto wengi. Huo ndio mwelekeo uliorithiwa wakati wa uhuru: mwenye ulemavu ana shule yake, kliniki yake na karakana yake. Kiwanda kiko kwingine.

Karakana

Mwaka 1964, Kenya ikiwa na uhuru wa miezi michache, serikali iliunda kamati ya kuchunguza malezi na urekebishaji wa watu wenye ulemavu. Iliongozwa na Ngala Mwendwa, mwanasiasa wa Kitui aliyeshika wizara ya kazi kwa muda mrefu. Kutokana na kazi hiyo ukatoka waraka wa sera wa serikali, namba 5 wa mwaka 1968, na kutokana na waraka huo vikaja vituo vya mafunzo ya ufundi. Kituo kikuu kilifunguliwa Nairobi mwaka 1971, na vingine vikaenea mikoani. Machakos ilipata chake. Mji huo huo ukawa pia na chuo cha ufundi cha wasioona, kilichojulikana kote nchini.

Ndani ya vituo hivyo walifundishwa ushonaji wa nguo, useremala, ufumaji na kazi ya ngozi. Ngozi ilipendwa kwa sababu za wazi. Fundi hukaa. Miguu haina kazi kubwa. Vifaa ni vichache na vinabebeka: kisu kikali, nyundo, msharasi wa kutobolea, sindano, nyuzi zilizopakwa nta, gundi na kalibu ya kuumbia kiatu. Kijana aliyepooza miguu aliweza kukata mkanda, kutoboa, kupitisha uzi na kukaza mshono kwa nguvu za mabega ambazo magongo yamezijenga kwa miaka. Huko Mombasa, karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa na APDK mwaka 1969, ziliwapa kazi mafundi wengi wenye ulemavu katika ngozi, mapambo, nguo, na baadaye utengenezaji wa viti vya magurudumu. Watalii walinunua, na mishahara ikalipwa.

Mhitimu wa kituo cha serikali alitazamiwa kurudi kwao akiwa na vifaa vya kazi. Ndiyo maana katika miji mingi ya Kenya, ukimwona fundi viatu chini ya mti au kwenye varanda ya duka, si ajabu ukakuta magongo yameegemezwa ukutani nyuma yake. Wengi walilea familia kwa kazi hiyo, na wakasomesha watoto.

Hatuna haki ya kuzibeza karakana hizo. Zilifika mahali ambapo hakuna mwingine aliyefika. Lakini zilijengwa juu ya wazo moja ambalo halikuhojiwa: kasoro iko kwa mtu, na kazi iko sawa. Kwa hiyo mtu alifunzwa, akavalishwa vyuma, akapewa magongo, akachaguliwa ufundi wa kukaa. Kiwanda cha Athi River kilibaki na ngazi zake, milango yake myembamba na kengele yake isiyosikika na kiziwi. Fundi stadi wa nguo hukata kitambaa kwa kipimo cha mtu. Hapa, kwa miaka mingi, mtu ndiye aliyekatwa kwa kipimo cha kitambaa.

Kiwanda chenyewe hujeruhi

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Katika eneo la viwanda msemo huo una maana ya moja kwa moja. Mashine ya kukata nyama haichagui vidole. Ukanda unaosafirisha mawe ya saruji haujui mkono wa nani umenaswa. Sehemu ya watu wenye ulemavu waliohitaji kazi Athi River walikuwa watu ambao tayari walikuwa na kazi Athi River, hadi siku moja ilipotokea ajali.

Kwa hao, sheria ilikuwa na jibu tangu ukoloni: fidia. Kiungo kilipewa asilimia, asilimia ikageuzwa shilingi. Sheria ya sasa ya majeraha kazini, ya mwaka 2007, inafuata njia hiyo hiyo. Aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi hulipwa kwa hesabu ya mapato ya miezi 96. Waajiri na mawakili waliibishania mahakamani kwa miaka, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019.

Fidia ni haki, lakini ina tabia ya kufunga faili. Mfanyakazi akishalipwa, ni nadra mtu kuuliza kama angeweza kubaki kiwandani kwa kazi nyingine, kwenye meza nyingine, kwa mashine iliyorekebishwa. Mtu aliyejua kila kona ya kiwanda kwa miaka 15 hurudishwa nyumbani na bahasha. Ujuzi wake huondoka naye.

Mwaka 1990 bunge lilipitisha sheria ya EPZ, na eneo la Athi River likawa kubwa kuliko yote ya aina hiyo nchini. Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika kupitia sheria ya AGOA ya mwaka 2000, maelfu ya vijana, wengi wao wanawake, waliingia kwenye mabanda makubwa ya kushonea. Kazi ilihesabiwa kwa vipande kwa saa. Mstari mmoja wa cherehani hutegemeana: anayeshona mfuko humngoja anayeshona mshipi, na anayechelewa huwachelewesha wote. Januari 2003, majuma machache baada ya serikali mpya kuingia madarakani, wafanyakazi wa EPZ waligoma kwa wingi wakidai mishahara na mazingira bora. Katika mpangilio wa namna hiyo, ambapo hata mwenye viungo vyote alibanwa na saa, mwenye ulemavu alionekana hasara kabla hajajaribiwa.

Kutoka kuomba hadi kudai

Nje ya viwanda, mambo yalikuwa yamekwisha kuanza kusogea. Kenya iliutangaza mwaka 1980 kuwa mwaka wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, mwaka mmoja kabla ya Umoja wa Mataifa kufanya hivyo kwa dunia nzima. Harambee zikafanyika, mfuko wa kitaifa ukaundwa, vifaa vikagawanywa. Lugha ya wakati huo ilikuwa ya huruma. Mwaka 1989 vyama vya watu wenye ulemavu wenyewe viliungana chini ya mwavuli mmoja, United Disabled Persons of Kenya, na lugha ikaanza kubadilika. Mwaka 1993 Mwanasheria Mkuu aliunda jopo la kupitia sheria zote zinazowahusu.

Mawazo yalikuwa yakivuma pia kutoka nje. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1973 ilikataza ubaguzi katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu. Serikali ilipochelewesha kanuni za kuitekeleza, mwezi Aprili 1977 watu wenye ulemavu waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco wakakataa kutoka kwa zaidi ya majuma matatu, wengine bila dawa zao na bila wasaidizi wao. Kanuni zikatiwa saini. Mwaka 1990 ikaja sheria pana iliyowafunga hata waajiri binafsi. Uingereza nayo, mwaka 1995, iliachana na ile asilimia 3 ya mwaka 1944, ikachukua njia ya kumtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa. Wazo la msingi lilikuwa moja: mlango usiopitika ni tendo la aliyeujenga.

Kenya ilipata sheria yake mwishoni mwa mwaka 2003, nayo ikaanza kutumika Juni 2004. Iliunda baraza la kitaifa la watu wenye ulemavu. Ilikataza ubaguzi katika kuajiri, kupandisha cheo na kulipa. Ilimtaka mwajiri aweke vifaa na kufanya mabadiliko mahali pa kazi, yawe ya majengo au ya utaratibu, kadiri inavyofaa ili mfanyakazi mwenye ulemavu aweze kufanya kazi. Na ilitaja asilimia 5 ya nafasi za vibarua, za dharura na za mikataba, katika sekta ya umma na ya binafsi.

Hapo ndipo palipokuwa na tundu. Sheria haikumwambia mwajiri atenge asilimia 5. Ililiambia baraza lijitahidi kuhakikisha zinatengwa. Mzigo uliwekwa kwenye ofisi moja Nairobi, wakati nafasi zenyewe ziko mikononi mwa maelfu ya mameneja. Baraza liliweza kujitahidi kila siku bila meneja hata mmoja kuvunja sheria.

Mnyororo uliendelea kukazwa, pete moja baada ya nyingine. Sheria ya ajira ya mwaka 2007 ilikataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, na ikaweka jambo lenye uzito: mfanyakazi akidai amebaguliwa, mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaosema wazi kwamba kukataa kufanya marekebisho yanayofaa ni ubaguzi, mradi marekebisho hayo hayamwelemei mwajiri kupita kiasi. Katiba ya Agosti 2010 ikaja na kifungu cha 54: haki ya kufika kila mahali, kutumia usafiri wa umma, kupata habari, na kutumia lugha ya ishara na Breli.

Mahakama zikaanza kuyapa maneno hayo bei. Julai 2021 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kesi ya kijana asiyeona aliyeomba kazi ya kuhudumia wateja katika kampuni ya Safaricom. Kikwazo kilikuwa programu: mfumo wa kampuni haukuwa na ile inayomsomea asiyeona yaliyo kwenye skrini. Mahakama iliona haki zake zimekiukwa, ikaagiza alipwe shilingi 400,000. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu, katika kesi ya Gichuru dhidi ya kampuni ya uwakala wa bima, ilimpa haki mfanyakazi aliyeachishwa kazi baada ya kuugua mgongo, ikasisitiza kwamba mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Baada ya maamuzi hayo mawili, hakuna meneja anayeweza kusema hakujua.

Marekebisho, yakitazamwa karibu

Maneno ya sheria huwa mepesi mpaka yatue kwenye sakafu ya kiwanda. Ngozi inapofika ikiwa na chumvi, hulowekwa, kisha hutiwa chokaa ili manyoya yatoke. Hupitishwa kwenye mashine ya kukwangua mabaki ya nyama, halafu huingia katika mapipa makubwa yanayozunguka yenye madini ya kromi, na kutoka ikiwa na rangi ya samawati. Hapo sakafu huwa na maji saa zote. Baadaye huja hatua kavu: kunyoa unene, kutia rangi, kukausha, kupiga pasi, kupanga madaraja. Mwisho ni kukata, kushona na kuvuta kiatu kwenye kalibu.

Sakafu ya maji na mapipa haimfai kila mtu, na hakuna sheria inayodai imfae. Lakini hatua kavu ni nyingi. Cherehani ya umeme ya kiwandani huongozwa kwa kanyagio la mguu. Kwa aliyepooza miguu, kidhibiti hicho kinaweza kuhamishiwa kwenye goti au mkono. Meza ya kupangia madaraja ikiwa na nafasi ya kutosha chini, kiti cha magurudumu huingia chini yake. Kiziwi anaweza kuendesha mashine ile ile anayoendesha mwenzake, ikiwa king'ora cha hatari kimeongezewa taa inayomweka na msimamizi amejifunza ishara za msingi za kazi. Asiyeona ana vidole vinavyotambua ulaini na unene wa ngozi. Mwenye ualbino asipangiwe kupakia lori juani wakati kuna nafasi ya kufungasha ndani. Anayehitaji kliniki mara moja kwa wiki, abadilishiwe zamu. Mengi ya hayo hayana gharama kubwa. Yanahitaji mtu mmoja aulize na mwingine asikilize.

Na hapo ndipo hukwama. Mazungumzo ya getini huwa mafupi. Tuseme mwanamke mwenye magongo amefika saa moja asubuhi.

"Mama, hapa kazi ni ya kukimbizana," anasema msimamizi, kwa adabu.

"Sawa, bosi. Kazi ninayoijua ni ya kushona. Mnashona mkikimbia?"

Wanaopanga foleni hucheka, msimamizi naye hucheka, na foleni husonga. Jibu la mwanamke huyo ni sahihi kisheria, lakini getini hakuna wakili. Ndiyo maana marekebisho lazima yawe yameandikwa katika utaratibu wa kuajiri kabla ya asubuhi hiyo kufika: nani anaulizwa, nani anaamua, fedha zinatoka fungu gani.

Kufika getini kwenyewe ni kazi. Matatu haina pa kuingizia kiti cha magurudumu, na abiria wengi wanalalamika kwamba kiti hutozwa nauli kama mzigo. Bodaboda humfikisha mtu, kiti kikabaki nyumbani. Kutoka barabara ya lami hadi mlango wa kiwanda, mvua ikinyesha, udongo ule mweusi hujaa kwenye magurudumu mpaka yasizunguke. Kiwanda kinaweza kuwa na njia ya mteremko iliyonyooka kabisa, mita moja ya kupanda kwa kila mita 12 za urefu, na bado mfanyakazi asiifikie. Basi la wafanyakazi lenye ngazi ya chini, au njia ya miguu iliyotiwa zege, vina uzito sawa na mteremko wa mlangoni.

Motisha zisizofika

Sheria ya mwaka 2003 ilijaribu pia kumvuta mwajiri kwa kodi. Aliyeajiri watu wenye ulemavu angeweza kupunguza mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi cha asilimia 25 ya mishahara yao, na kwa asilimia 50 ya gharama za kurekebisha jengo au vifaa. Mfanyakazi naye alisamehewa kodi; kwa agizo la mwaka 2010, shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazitozwi.

Kwa ofisi ya benki mjini Nairobi, hizo ni motisha za kweli. Kwa kampuni yenye leseni ya EPZ hali ni nyingine. Kampuni hiyo husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10 ya kwanza, na ambaye halipi kodi huwezi kumshawishi kwa kumpunguzia. Kibarua naye, ambaye mshahara wake hauvuki shilingi 24,000 kwa mwezi, hana kodi ya mshahara ya kusamehewa. Hivyo motisha zote mbili hupita juu ya vichwa vya watu wa Kinanie. Sheria iliyoandikwa ikimfikiria karani ilimwacha mshona viatu.

Ndiyo maana mabadiliko ya mwaka 2025 yana umuhimu hasa katika nyika hii. Mswada ulioletwa na Crystal Asige, seneta mteule asiyeona na mwanamuziki, ulitiwa saini na Rais Mei 2025 na kuchukua nafasi ya sheria ya mwaka 2003. Sasa mwajiri mwenye wafanyakazi wasiopungua 20 anatakiwa yeye mwenyewe kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Idadi hiyo ya 20 ndiyo ile ile ya Uingereza ya mwaka 1944. Imechukua miaka 81 kufika hapa. Hesabu ni rahisi: kiwanda cha watu 20 kina nafasi 1, cha watu 400 kina nafasi 20. Miezi miwili kabla ya saini hiyo, Machi 2025, kanuni mpya za ujenzi zilikuwa zimeanza kutumika badala ya zile za mwaka 1968, nazo zinataka majengo yafikike.

Sheria hizo mbili zimeikuta Kinanie katika wakati ambao Athi River haikuupata. Viwanda vya zamani vilijengwa kwanza, wenye ulemavu wakafikiriwa miaka 50 baadaye, na kila rekebisho likawa kubomoa. Kinanie kuna viwanja ambavyo bado havijamwagiwa zege. Mlango wenye upana wa sentimita 90 hugharimu karibu sawa na wa sentimita 70 ukiwa bado kwenye ramani; ukishakuwa ukutani, unahitaji nyundo, fundi na kibali.

Lakini Uingereza ilikwisha kuonyesha kwamba asilimia peke yake haitoshi. Mwajiri wa watu 400 anaweza kutimiza hesabu kwa kuwaweka watu wote 20 kwenye kufagia na kufungua geti. Hiyo itakuwa karakana ya zamani, imehamishiwa tu ndani ya ua wa kiwanda. Mkaguzi wa kazi atakayefika Kinanie akitaka kujua kama sheria imefanya kazi, asitosheke na orodha ya majina. Aulize kila mmoja anafanya kazi gani, analipwa sawa na jirani yake wa mezani au la, na ni mangapi kati ya aliyoyaomba yamefanyika. Vituo kama cha Machakos vimekuwa vikitoa mafundi wa ngozi kwa muda mrefu. Ujuzi upo, na upo karibu. Kilichobaki ni wenye viwanda kuwapa meza za kufanyia kazi.